Saratani ya Tezi Dume: Kwa Nini Hurudi Baada ya Kutulia

Mzee anapoanza tiba ya saratani ya tezi dume, nyumba nzima hupata faraja. Maumivu hupungua, usingizi hurudi, na kipimo cha damu kiitwacho PSA hushuka. Hapo ndipo baadhi ya wagonjwa huacha kwenda kliniki, wakidhani shari imekwisha.

Seli za tezi dume huishi kwa kutegemea homoni za kiume, hasa testosteroni. Mwaka 1941, daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kuwa homoni hiyo ikiondolewa, saratani iliyoenea hunywea. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na hadi leo ni msingi wa tiba. Hata hivyo, baada ya miezi au miaka, mara nyingi ugonjwa huzuka upya.

Seli nyingine hujifunza kuishi kwa homoni kidogo iliyobaki. Nyingine hugeuka tabia kabisa. Kila seli ina jeni za ulinzi, zikiwemo TP53 na RB1, zinazoizuia isigawanyike ovyo. Mwaka 2017, watafiti wa Marekani waliochunguza panya na seli za maabara walieleza kwamba jeni hizo mbili zikipotea pamoja, protini iitwayo SOX2 huongezeka.

SOX2 si adui kwa asili yake. Mwenyezi Mungu ameijaalia kumhudumia mtoto angali tumboni mwa mama: huzitunza seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijawa ngozi, mfupa wala ubongo. Lakini inapozidi ndani ya saratani, seli husahau kuwa ilikuwa ya tezi dume. Hurudia wepesi wa uchanga, ikavaa sura nyingine isiyohitaji homoni. Dawa iliyofunga mlango wa homoni huikuta imekwisha kupita mlango mwingine.

Jambo hili linazihusu familia moja kwa moja, kwa kuwa seli zilizogeuka hivyo huenda zisitoe PSA nyingi. Namba ndogo pekee si hakikisho. Mke aliye karibu huweza kuona mapema dalili ambazo mume huzinyamazia kwa haya: maumivu mapya ya mgongo au mifupa, kukonda, na uchovu usioisha. Miguu ikilegea au kufa ganzi, au haja ikishindwa kuzuilika, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo; huenda uti wa mgongo umebanwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), na kudumu nayo ni kuutunza mwili tuliopewa kuwa amana. Basi tarehe ya kliniki isipite, hata mzee akijihisi mzima. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.