Laiti Haimrudishi Aliyekwenda

Ukiiacha barabara ya pwani ukapanda bara kuelekea Kikoneni, huko Kwale, utawakuta Mdigo Mwislamu na Mkamba au Mduruma Mkristo wamepakana mashamba ya minazi na mikorosho. Hukopana jembe, na siku ya msiba huzikana.

Nilifika huko kuhani. Alikuwa amefariki kijana wa Kidigo, na pale jamvini neno lililonichoma masikio lilikuwa moja tu: laiti. Laiti angepelekwa hospitali mapema! Laiti asingelala na homa siku tatu! Baba mtu alikuwa kimya, lakini kila laiti ilimshukia kama fimbo.

Kando yake aliketi jirani yake, mzee wa Kikamba, Mkristo, ambaye hakusema neno. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, akanipa kisa chake. Miaka mingi iliyopita binti yake alishikwa na homa usiku. Yeye akaona asubiri kukuche, kwanza auze korosho zake. Jioni ya pili mtoto hakuwa naye tena.

"Sheikh," aliniambia, "nilikuwa namzika kila usiku."

"Ulitokaje humo, mzee wangu?"

"Sikutoka kwa nguvu zangu. Nilikwenda kanisani nikaungama kwa Mungu. Nikafundishwa kwamba Yesu amekwisha kuubeba mzigo ule, nami nikiendelea kuubeba ni kama sijamwamini. Nikautua. Tangu siku hiyo mtoto wa jirani akishikwa na homa usiku, baiskeli yangu ndiyo inayompeleka."

Ndugu msomaji, katika itikadi sisi na mzee yule tuna njia mbili, wala sina haja ya kuzichanganya. Kwetu hakuna abebaye dhambi ya mwenziwe. Mja hutubu kwa Mola wake moja kwa moja. Lakini tukumbuke kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alitukataza kusema "lau ningefanya hivi" baada ya jambo kutufika, kwani neno hilo humfungulia Shetani mlango. Ni hadithi aliyoipokea Imam Muslim. Je, pale jamvini ni wangapi tuliokumbuka?

Na wasiwasi wa kesho ni hivyo hivyo. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 6, Wakristo husoma kwamba Nabii Issa aliwataka watu wawatazame ndege, wasiopanda wala kuvuna, na Mungu huwalisha. Nasi tunayo hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Sayyidna Umar: tungelimtegemea Mwenyezi Mungu inavyostahiki, angeturuzuku kama ndege, ambao hutoka asubuhi na njaa, wakarudi jioni wameshiba. Angalieni, ndege huyo hutoka! Hakungoja riziki tunduni. Vivyo hivyo Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yakapofuka, akamshitakia Mola huzuni yake, na bado akawatuma wanawe wakamtafute.

Mombasa nayo ina mfano wake. Mwaka 1844 alifika mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ilimchukua mkewe Rosine, na binti yao mchanga akamfuata siku chache baadaye. Wamezikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf angeweza kulaani siku aliyomleta mkewe pwani. Badala yake imani yake ilimrudisha kazini, katika kujifunza Kiswahili na kufasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa. Hatukukubaliana na dini aliyoileta, lakini kadhi wetu hakuona haya kuketi na mfiwa yule.

Kutua mzigo, basi, si kusahau, wala si kukaa bure. Ni kumwachia Mungu lililo lake, nasi tushike lililo letu. Nilipogeuka nyuma, nilimwona yule mzee amerudi jamvini, ameketi tena ubavuni mwa mfiwa. Nami njiani nikatunga:

Mja mzigo utuwe, kwa Mola ukiungama,
Moyoni usijiuwe, kwa laiti na lawama,
Kukicha nawe utowe, mkono wenye huruma,
Na lililopita liwe, ni la Mwenyezi Karima.