Herufi za Ukingo: Nzuri kwa Pambo, Mbaya kwa Ilani

Herufi ya ukingo ni ile iliyochorwa mstari wake wa nje tu, tumbo lake likaachwa tupu. Mojawapo ya zile zilizoenea sana ni ITC Bauhaus Heavy Outline, iliyotolewa New York mwaka 1975 na wachoraji Ed Benguiat na Victor Caruso.

Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1925, mjini Dessau, Herbert Bayer, mwalimu wa karakana ya uchapaji katika shule ya Bauhaus, alianza kubuni alfabeti ya bikari na rula. Herufi kubwa alizitupa zote: ikiwa mtu akisema hazitofautishi kubwa na ndogo, ya nini kujifunza alfabeti mbili? Alfabeti hiyo haikupata kutengenezwa kwa risasi (ya mpiga chapa, si ya bunduki), na mwaka 1933 shule ilifungwa kwa mbinyo wa Wanazi. Benguiat na Caruso walirudisha herufi kubwa, jambo ambalo Bayer asingelifanya, wakaacha mwanya mdogo katika duara za herufi kama b, d na p. Mstari mwembamba huizunguka herufi nene, ndani na nje, hadi kwenye mwanya huo.

Umbo hilo lafaa sana nyumbani. Mama anayetaka kutarizi jina la mtoto juu ya foronya hahitaji bikari. Kikombe humpatia duara ya nje, na kikombe kidogo cha kahawa duara ya ndani. Mti wa herufi hupigwa kwa rula. Chaki hutangulia, kisha uzi hufuata mstari kwa mshono wa mnyororo. Tumbo la herufi laweza kuachwa jeupe, au kujazwa uzi wa rangi nyingine. Kwenye bango la harusi au la sherehe ya kikosi, watoto hupewa kazi ya kupaka rangi ndani.

Lakini kwenye kizuizi cha barabarani au lango la ghala la baruti, urembo huo ni hatari. Jicho zima, kwa umbali wa mita 100, hutenganisha vitu vyenye upana wa kama sentimita 3, wala si chini ya hapo. Mstari wa milimita 5 hufifia mapema mno, ukachanganyika na rangi ya ubao. Dereva huona ukungu mahali palipoandikwa SIMAMA. Usiku, au mvua ikinyesha, hali huwa mbaya zaidi.

Fundi wa mabango aweza kuupima ubao wake kabla haujasimikwa. Auegemeze ukutani, arudi nyuma hatua mia, kisha amwite mtu asiyejua kilichoandikwa ausome. Akisitasita, fundi achukue brashi na kuyajaza matumbo ya herufi zote.