Dirisha la Mikali

Huenda wiki hii umepita tena mbele ya ile studio ya dansi, ukasikia mwalimu akihesabu hatua, ukaona bango la darasa la watu wazima wanaoanza, ukaharakisha mwendo. Daktari amekuambia ufanye mazoezi, na kukimbia barabarani hukuwezi. Kucheza umekupenda tangu utotoni. Lakini sasa wewe ni mzee wa kanisa, au kiongozi wa akina mama, na umri umekwenda. Watu watasemaje?

Tuanze na umri. Daudi alianza kutawala akiwa na miaka 30, akakaa Hebroni miaka saba na miezi sita kabla ya Yerusalemu (2 Samweli 5:4-5). Kwa hiyo siku alipolileta sanduku la Bwana mjini huku akicheza kwa nguvu zote, alikuwa amepita miaka 37, baba wa watoto na mkuu wa majeshi. Na Miriamu? Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7:7). Kama yule dada aliyemlinda kando ya mto ndiye Miriamu, kama tulivyofundishwa shule ya Jumapili, basi aliposhika tari na kuwaongoza wanawake kucheza ng'ambo ya bahari alikuwa bibi wa zaidi ya miaka 80.

Kwa hiyo kinachokuzuia si umri, ni dirisha. Mikali binti Sauli alichungulia dirishani, akamwona mumewe akirukaruka, akamdharau moyoni. (Tusimhukumu haraka, alikuwa ametwaliwa kwa Paltieli, mume aliyemfuata njiani akilia.) Wengi wetu hatujadharauliwa na Mikali yeyote. Tumemuumba wenyewe kichwani, tukamweka dirishani, na sasa tunamwogopa.

Ukiingia darasani utakuta hakuna anayekutazama. Kila mmoja anaitazama miguu yake kwenye kioo. Chukua salsa: mwalimu anahesabu hadi nane, lakini unakanyaga mara sita tu. Moja, mbili, tatu, unatulia. Tano, sita, saba, unatulia. Watu wazima hukosea zaidi pale pa kutulia. Usijifiche mstari wa nyuma, maana mkigeuka utajikuta wa mbele, huna wa kumwiga, simama katikati. Raba zenye soli ya mpira hung'ang'ania sakafu, mwili ukageuka na goti likabaki. Vaa viatu vyepesi vyenye soli nyororo. Kama una presha au goti bovu, mwambie mwalimu kabla muziki haujaanza.

Liko suala la heshima, na si ushamba kuliuliza. Katika dansi za wawili wawili, madarasa mengi hubadilishana wenzi kila baada ya dakika chache. Uliza kabla ya kulipa. Nenda na mumeo au mkeo, mwombe mwalimu msitenganishwe, au chagua darasa ambalo kila mtu hucheza peke yake. Pakigeuka kuwa baa, ondoka. Ila usikubali kuambiwa kuwa kucheza kwenyewe ni dhambi: mwaka 1988 Vatikani iliidhinisha misa ya majimbo ya Zaire, Kongo ya leo, ambayo padri na watumishi wake hucheza wakiizunguka altare.

Kigumu zaidi ni kingine. Mwalimu anaweza kuwa na umri wa mwanao, naye atakusahihisha mbele ya watu, mara tatu kwa hatua ileile. Wewe uliyezoea kusikilizwa vikaoni utaambiwa, "Mama, mguu wa kushoto." Ukiweza kucheka hapo, umeshaanza.

Utarudi nyumbani na jasho mgongoni na hatua chache utakazozirudia jikoni, ugali ukiiva. Mwanao akichungulia mlangoni, mwite aje mhesabu pamoja.