Jerikeni Iliyofichwa Chini ya Kitanda

Dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, aligunduliwa kuwa na saratani ya titi miaka minne iliyopita. Naomba wasomaji wanivumilie nikianza na habari za nyumbani, kwani jambo ninalokusudia kulijadili leo nilijifunza huko.

Alikuwa amekwisha kupata dozi tatu za dawa ya saratani, ile inayotiwa mshipani kila baada ya majuma matatu, daktari alipoyatazama majibu ya damu yake akakunja uso. Ini lilikuwa limedhoofika ghafla. Akamwuliza, “Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?” Dada akajibu kwamba hakuna. Nami niliyeketi kando yake nilijua fika kuwa chini ya kitanda chake mlikuwa na jerikeni ya lita tano iliyojaa maji ya mizizi, aliyoletewa na shangazi yetu, naye akinywa gilasi moja asubuhi na moja jioni. Nilinyamaza. Mimi, mwalimu wa miaka ishirini na saba, niliyewaadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo, nilinyamaza kama maji mtungini.

Dozi ya nne ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena. Hapo ndipo nilipomrudia daktari peke yangu nikamweleza yote. Siwezi kuapa kwamba mizizi ile ndiyo iliyoliumiza ini, maana dawa za saratani zenyewe zaweza kuliumiza. Nijualo ni kwamba dada alipoiacha, ini lilipata nafuu na matibabu yakaendelea. Daktari alitaka kujua ni mizizi ya mti gani. Hakuna aliyejua, hata shangazi aliyeileta.

Kwa nini alificha? Siku moja, katika kliniki nyingine, alimsikia mhudumu akimkemea mama mmoja mbele ya foleni nzima kwa kosa la kunywa mwarubaini, akimwita mshenzi. Tangu siku hiyo dada aliapa kwamba mtu wa koti jeupe hatasikia habari za mitishamba kinywani mwake. Ukimtusi mgonjwa, atazidi kunywa alichokuwa akinywa, ila sasa atakunywa gizani.

Isitoshe, kejeli hiyo haina msingi wa elimu. Lipo ua dogo jekundu-jekundu na jingine jeupe, lipandwalo kando ya vijia vya nyumba nyingi hapa nchini. Wataalamu huliita Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer huko Kanada waliyachunguza majani yake, yaliyoletwa kutoka Jamaika, wakitafuta dawa ya kisukari. Wakaona kwamba yanapunguza chembe nyeupe za damu katika panya, na hapo ikapatikana vinblastini, dawa ya saratani. Nduguye, vinkristini, hutumika hadi leo kutibu saratani ya damu ya watoto, pamoja na ile saratani ya taya aliyoieleza Denis Burkitt mwaka wa 1958 akiwa Mulago, Kampala. Hata hivyo, mtu asikimbilie kuyatafuna maua ya bustanini. Gramu moja ya dawa hutoka katika mamia ya kilo za majani makavu, na hupimwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ni sumu.

Moyo nao una kisa chake. William Withering, tabibu wa Uingereza, alipata habari za dawa ya mwanamke mzee wa Shropshire, mchanganyiko wa mitishamba ishirini au zaidi uliotibu mwili uliovimba maji. Akatambua mmea mmoja wenye nguvu kati ya hiyo yote, akautumia kwa wagonjwa takriban miaka kumi, na mwaka wa 1785 akachapisha matokeo, pamoja na yale ya wagonjwa ambao haikuwafaa. Dawa ya digoksini ni ya jamii hiyo ya mimea. Kipimo kikizidi kidogo tu, moyo ule ule uliotibiwa waweza kusimama.

Basi mitishamba ina nguvu, na chenye nguvu hugongana na vingine. Mimi mwenyewe nilibadilishiwa vali ya moyo, nami humeza warfarini ili damu isigande. Niliambiwa nile sukuma wiki kwa kiasi kile kile kila juma, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. (Mwalimu gani asiyeongeza sukuma wiki mwezi wa Januari?) Kitunguu saumu kwa wingi huweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu, na maji ya balungi huongeza nguvu ya baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za mafuta mwilini. Haya ni vyakula vya mezani. Sembuse mizizi isiyo na jina?

Nakumbuka mwaka wa 2011, Wakenya wengi walipovuka mpaka kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Wapo walioziacha dawa zao za hospitalini baada ya kunywa. Kosa kubwa lilikuwa huko kuacha, na wengi waliacha bila kumwambia yeyote.

Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya jadi. Sioni faida ya kuitambua kwenye karatasi ikiwa mgonjwa angali akiogopa kuitaja mbele ya muuguzi. Swali la mitishamba na liulizwe kama linavyoulizwa lile la umri, bila kicheko, na jibu liandikwe kwenye kadi. Nanyi wanafunzi mnaowasindikiza wazazi wenu kliniki, mara nyingi ninyi ndio mnaojua kilichomo chini ya kitanda.

Dada alimaliza matibabu yake. Desemba iliyopita shangazi alikuja na magome ndani ya gazeti. Dada alimkaribisha vizuri, akamwandalia chai, kisha akachukua kadi yake ya kliniki na kalamu, akamwuliza jina la mti. Shangazi hakulijua. Alisema angerudi kwa mganga akamwulize.