Je, Wajua? Koti la mvua laweza kukulowesha kutoka ndani

Mwendesha pikipiki wa Goma akivaa koti la plastiki siku ya mvua, mara nyingi hufika mtaa wa Katindo shati limelowa, ingawa koti halijatoboka popote. Ni jasho lake mwenyewe. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo upepo wa baridi hulipoza koti, na mvuke wa mwili, kwa kukosa pa kutokea, hugeuka matone upande wa ndani.

Tatizo hili lipo tangu Charles Macintosh wa Glasgow aliposajili, mwaka 1823, kitambaa chenye mpira kati ya tabaka mbili. Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aliivuta plastiki iitwayo teflon kwa ghafla, ikawa utando wa vitundu vidogo sana: tone la maji halipiti, mvuke unapita.

Utando huo ni ghali. Ukinunua koti la kawaida mtaa wa Birere, Goma, ligeuze kwanza uone mishono, maana kila tundu la sindano hupitisha maji. Chagua lililozibwa kwa utepe, lenye matundu ya hewa kwapani.