Watu watatu mbele ya bunduki: picha inasema nini?

Mutu anayetoka Shinkolobwe ao Likasi kwenda Lubumbashi anapita Shilatembo. Hapo, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi na askari wa Katanga, maofisa Wabelgiji wakiwa pale pale. Tarehe 13 Februari waziri Godefroid Munongo alitangaza kwamba wanakijiji ndio waliwaua. Miili ilikuwa imekwisha kuyeyushwa kwa asidi.

Basi sababu gani wengi wetu tunaiona ile siku kama tulikuwapo? Ni kazi ya wachoraji. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu, mwana wa Lubumbashi, alichora Lumumba amelala chini, na nyuma yake misalaba mitatu. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Watu walinunua picha za namna hiyo na kuzitundika salon.

Kazi hiyo ina ndugu yake wa zamani huko Ufaransa. Napoleon wa Tatu alimuweka Maximilian kuwa mfalme wa Mexico, kisha akaondoa majeshi yake. Tarehe 19 Juni 1867 Maximilian alipigwa risasi pamoja na majenerali Miramón na Mejía: watu watatu tena. Bibi yake, Charlotte, alikuwa dada ya Leopold wa Pili, yule aliyeifanya Kongo mali yake.

Mwaka 1868 Édouard Manet alichora kifo hicho juu ya jiwe la kupigia chapa, ili nakala ziwe nyingi. Lakini wale wapiga risasi aliwavalisha nguo zinazofanana na za jeshi la Ufaransa. Ni kusema: mwenye kosa mumutafute Paris. Serikali ikakataza. Picha ilitoka mwaka 1884, Manet amekwisha kufa.

Manet hakuwa Mexico, Tshibumba hakuwa Shilatembo. Picha zao si ushahidi wa macho. Zinauliza swali: nani alitoa amri? Ubelgiji ilikubali sehemu yake ya kosa mwaka 2002 tu, na jino la Lumumba lilirudi Kongo mwaka 2022.

Kama kwenu kungali picha ya namna ile ukutani, uliza wazee waliinunua wakati gani na sababu gani. Fanya hivyo mbele mchwa haujaimaliza.