Noti Saba za Sudre, Toni za Kajiado

François Sudre, mwalimu wa muziki wa Ufaransa, alitaka dunia nzima izungumze kwa fidla. Alichukua noti saba, do, re, mi, fa, sol, la, si, akaziunga ziwe maneno, na lugha hiyo ikaitwa Solresol. Unaweza kuiimba, kuitamka, hata kuionyesha kwa rangi saba, kwa hiyo kiziwi hakuachwa nje. Domisol ni Mungu. Igeuze, solmido, umepata shetani. Kitabu chake kilichapishwa 1866, miaka minne baada ya kifo chake.

Kihesabu hakukosea. Maneno yasiyozidi noti nne yanaweza kufika 2,800. Tatizo ni sikio: noti moja ikiteleza umeshasema jambo jingine, na msikilizaji hana pa kushika.

Laiti angepanda matatu ya Kitengela kwenda Kajiado! Katika Kimaasai cha huko kitenzi hutangulia, kisha toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ndiyo inayosema nani katenda na nani katendwa. Simba kamwona ng'ombe, au ng'ombe kamwona simba? Kwa mchungaji, hilo si jambo dogo. A. N. Tucker na J. Tompo ole Mpaayei waliieleza sarufi hiyo katika kitabu chao cha 1955. Fidla haihitajiki. Bibi mwenye sauti nzito na mjukuu mwenye sauti nyembamba wanaelewana vizuri, kwa sababu sikio hupima silabi moja dhidi ya jirani yake, si dhidi ya kinanda. Mkamba na Mkikuyu walioketi kiti cha nyuma nao lugha zao zina toni. Kiswahili chetu ndicho kilichoidondosha njiani.

Walokele wa Kongo, karibu na Kisangani, walikwenda mbali zaidi: ngoma yao ya gogo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Mmisionari John Carrington, aliyeandika juu yao mwaka 1949, alionyesha kwamba kwenye ngoma "mwezi" na "kuku" hulia sawasawa. Wapigaji hawakutafuta sauti ya tatu. Walirefusha maneno: mwezi ukawa mwezi unaoitazama nchi, kuku akawa yule mdogo aliaye kiokio. Ujumbe ulikuwa mrefu, lakini ulifika.

Kijana wa Kitengela anayetaka kubuni lugha ya muziki kwenye simu yake aanze na noti mbili, tatu zikizidi, na kila neno alipe mkia. Kisha aijaribu stejini jioni, makanga wakiita abiria.